Majilio ya mwaka huu: furaha ya Jumapili ya tatu tuitoe wapi sisi wa Goma?

Mwalimu_Himbi
Ijumaa, 12 Desemba 2025

Bwana asifiwe, mama zangu, papa zangu, ndugu na dada.

Keshokutwa ni Jumapili ya tatu ya Majilio, yale majuma ya kuingoja Noeli, Jumapili ya mshumaa wa waridi. Tangu wiki ianze nasikia maneno yaleyale kwenye mazoezi ya korali, soko la Virunga, hata kwa vijana wa pikipiki pale Signers: mwaka huu Noeli tuiache ipite, tutafurahi mwaka kesho Mungu akipenda. Nawaelewa kabisa. Lakini naamini tukiiacha Jumapili hii ipite hivihivi tutakuwa tumekataa kitu kilichoandaliwa kwa ajili ya watu wa hali yetu hasa.

Hali yenyewe tunaijua. Mwishoni mwa Januari vita viliingia mjini, katikati ya Februari vikafika Bukavu. Uwanja wa ndege umefungwa tangu hapo. Benki zimefungwa, mwenye mshahara anausaka kwenye simu au ng'ambo ya mpaka, na noti za franka zilizobaki zimechakaa hadi muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, anazirudisha. Kambi za waliokimbia vita, Bulengo na Lushagala, zilivunjwa, watu wakaenda zao Masisi na Rutshuru, wengine wakakuta nyumba haina bati wala mlango. Kuna nyumba nyingi mno ambazo mezani pamebaki nafasi ya mtu. Na katika Majilio haya haya: tarehe 4 Desemba tuliona marais wa Kongo na Rwanda wakitia sahihi mapatano ya amani Washington, na wiki haikupita tukasikia vita viko Uvira, watu wanakimbilia Burundi. Siasa yake nawaachia wengine. Mimi nasema tu kwamba anayeuliza "furaha gani?" ana haki ya kuuliza.

Sasa tazameni masomo ya keshokutwa. Tumeingia Mwaka A katika mzunguko wa masomo ya misa, tunasoma Mathayo, sura ya 11. Yohane Mbatizaji yuko gerezani. Herode Antipa amemfunga, na mwanahistoria Yosefo anaitaja ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Huyu ndiye aliyesimama mtoni akawatangazia watu kwamba anayengojewa amekwisha kufika. Akiwa ndani kule, anawatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?"

Hilo ndilo swali ambalo Kanisa limeliweka katikati ya Jumapili ya furaha. Mtu anayeimba na kucheza hayupo katika Injili hiyo. Yupo mfungwa ambaye imani yake imefika ukingoni, na Yesu hamkemei. Anawaambia wajumbe warudi wakamweleze wanayoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Kisha wajumbe wakishaondoka anamsifu mfungwa yule mbele ya umati wote, kwamba katika wazao wa wanawake hajaonekana aliye mkuu kuliko yeye.

Lipo jambo katika jibu lile ambalo linaniuma na kunituliza kwa pamoja. Isaya, katika sura ya 61, alitaja wafungwa kufunguliwa. Yesu anayataja mengine, hilo halitaji. Hakumwambia Yohane kwamba kesho atatoka. Na hakutoka; sura ya 14 inaeleza alivyouawa. Kwa hiyo Injili ya furaha haimwahidi mtu yeyote kwamba mambo yatageuka kabla ya tarehe 25. Inampa ishara za kuangalia, tena zinazotendeka mahali pengine kwa watu wengine, na inamwomba asikwazike.

Halafu ile antifona ya kuingia, wimbo mfupi wa kuanzia misa, ambayo Jumapili hii imeitwa kwa jina lake, Gaudete, yaani Furahini, imetoka Wafilipi 4: "Furahini katika Bwana sikuzote." Paulo aliiandika barua ile akiwa katika vifungo, hajui kama ataishi au atauawa, ameeleza mwenyewe katika sura ya kwanza. Magereza mawili katika Jumapili moja. Na wiki ijayo, tarehe 20, katika masifu ya jioni, Kanisa litamwita Kristo Ufunguo wa Daudi, aje amtoe mfungwa aliyeketi gizani na katika uvuli wa mauti. Gereza la tatu. Mtu aliyekuwa Goma Januari hahitaji kuelezwa gereza ni nini.

Ndiyo maana nasema: furaha ya Majilio haikuanza kwa watu waliotulia ambao baadaye walituazima sisi kidogo. Ilianza kwa waliofungiwa. Sisi ndio wenyewe. Hatuna sababu ya kungoja mwaka mwema ndipo tuiguse.

Hata lile shada la mishumaa minne tunaloliwasha kanisani wakati wa Majilio. Mwaka 1839, Hamburg, Johann Hinrich Wichern, mtu wa dini wa Kilutheri, alikuwa akilea watoto maskini ambao kila kukicha walimuuliza Noeli imebaki siku ngapi. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa, midogo kwa siku za kawaida na mikubwa kwa Jumapili, kila siku wawashe mmoja. Sisi hapa tungesema aliwatengenezea maibobo, watoto wa mitaani. Leo liko kwenye makanisa makubwa ya dunia yote na limepambwa vizuri, na wengi hawajui lilianzia kwa watoto gani.

Na mwaka huu huu ambao tunataka kuufuta ndio Goma ilipata mwenye heri wake, ngazi moja kabla ya mtakatifu. Tarehe 15 Juni, Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenye heri. Kijana wa hapa hapa, aliyezaliwa 1981. Kazi yake katika OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, ilikuwa kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Mwaka 2007 walimpa rushwa aruhusu chakula kilichooza kiingie kiuzwe, akakataa. Julai wakamteka, wakamtesa, wakamuua, akiwa na miaka 26. Alikuwa wa jumuiya ya Sant'Egidio, na muda wake mwingine aliwapa watoto wa mitaani katika Shule ya Amani. Sherehe ilifanyika mbali, wengi wetu tuliifuata kwenye simu, chaji ikikaribia kwisha. Lakini nilisema kuhusu ishara za kuangalia. Hiyo ni moja, na ni ya kwetu.

Shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ya mtaa, limeamua hivi. Mshumaa wa waridi hautabaki kanisani tu. Kuanzia Jumapili utazunguka nyumba kwa nyumba kila jioni, na tunaanza na nyumba zenye msiba, halafu zenye mtu asiyejulikana alipo, halafu wagonjwa. Hakuna hotuba. Tunasoma kipande cha Isaya 35, tunataja majina, tunakula kilichopo. Mwenye maharage analeta maharage, mwenye makala, yaani makaa ya kupikia, analeta makala. Wimbo ni mmoja, na mwenye nyumba ndiye anayeuchagua, hata akichagua wa maombolezo.

Ninyi wa mitaa mingine na miji mingine, Majilio haya mnayaishije? Andikeni, tusaidiane.

---

Mama_wa_Ndosho

Mwalimu, nimesoma yote.

Mtoto wangu wa pili alitoka Januari kwenda ziwani kuteka maji, siku zile bomba zilikuwa kavu. Hajarudi. Sina kaburi lake, sina habari yake. Majirani wananiambia nishukuru nimebaki na wengine. Misa sijaacha. Ila zikianza nyimbo za kupiga makofi ninatoka, ninasimama nje kwenye yale mawe ya volkano mpaka ziishe, ndipo ninarudi kwa Ekaristi. Tafadhali usiniambie nifurahi.

---

Mwalimu_Himbi

Mama, pole. Pole sana.

Sikuambii ufurahi, na nikikusikia umeambiwa hivyo katika shirika langu nitasimama upande wako. Hao wanaosema ushukuru umebaki na wengine, wakasome Mathayo sura ya 2, katika habari zenyewe za Noeli: Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa kwa kuwa hawako. Mathayo hakuona vibaya kuliweka neno hilo karibu na kuzaliwa kwa Yesu. Hakumwambia Raheli ahesabu waliobaki.

Na kuhusu kusimama nje. Siku Yesu alipomsifu Yohane mbele ya umati, Yohane hakuwapo. Umati ulikuwa na Yesu uwanjani, yeye alikuwa mbali, amefungiwa na swali lake. Sifa ile ilisemwa juu ya mtu ambaye hakuweza kufika mahali wenzake walipokuwa wakishangilia. Mimi nasoma hapo kwamba kusimama nje kwenye mawe, ukiuliza unayouliza, hakukutoi katika Jumapili ile. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini" mara nne mfululizo, nayo ni sala.

Jina la mtoto usiliandike hapa. Lakini ukipenda litajwe katika maombi ya nyumba kwa nyumba, nitumie kwa faragha, nasi tutalitaja kila jioni mpaka Noeli, pamoja na wengine wote tusiojua waliko. Kama hupendi, tutakutaja wewe kimoyomoyo tu.

---

Kijana_wa_Kadutu

Aksanti Mwalimu. Mama wa Ndosho, pole kutoka Bukavu.

Hapa kwetu maneno haya tuliachiwa na wakubwa wetu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia. Wote tulikua tukisikia neno lake kwamba yako mambo ambayo hayaonekani vizuri ila kwa macho yaliyolia. Nikisoma alichoandika mama hapo juu nalielewa zaidi kuliko nilivyolielewa kwenye katekesi.

Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, aliandika ujumbe wa Noeli mkesha wa Noeli 1999, mji ukiwa chini ya waasi. Alianzia Isaya 40, lile somo la Majilio tunaloliimba kila mwaka: wafarijini watu wangu. Hakuishia kwenye faraja. Alisema waziwazi juu ya unyonyaji na juu ya nchi kutawaliwa na wageni, akawaita Wakristo wasikubali. Februari 2000 wakamhamisha kwa nguvu wakampeleka Butembo. Alirudi Septemba, Bukavu nzima ikashuka barabarani kumpokea. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akafia Roma.

Wazee wangu walikuwapo siku ile ya Septemba. Wanasema hakuna aliyekuwa na pesa, hakuna aliyekuwa na amani, na hawajawahi kuona furaha ya namna ile tena. Mimi huwa nawaomba wanisimulie upya kila Desemba.

Tena mwaka huu ni Yubilei ya Matumaini, mwaka mtakatifu wa Kanisa, inakwisha Roma tarehe 6 Januari. Neno lake ni la Warumi 5, kwamba tumaini halitahayarishi. Mwaka wote huu nimekuwa nalo kichwani nikipanda ngazi za Kadutu na bidoni la maji begani.

---

Asiyelala

Samahani niwe mkweli. Mimi nimebatizwa, nilikuwa mtumikiaji altareni. Sasa naona hizi habari za furaha katika mateso ni dawa ya usingizi. Wanaotutesa wanapenda sana tuwashe mishumaa. Watu wenye mishumaa hawaulizi kitu. Kila mwaka "Bwana anakuja", kila mwaka anakuja mwingine na bunduki.

---

Mwalimu_Himbi

Ndugu, swali lako ni la Yohane, sitalifunga mlango.

Ingekuwa mishumaa inalaza watu, Kataliko asingehamishwa. Waliosoma ujumbe wake wa Noeli walielewa vizuri sana kwamba mtu anayengoja Mfalme mwingine ni mgumu kumtawala. Na Floribert alikuwa mtu wa sala kila juma. Sala ile haikumfanya atie sahihi karatasi ya chakula kibovu. Alijua wanaolala njaa, alikula nao, ndiyo maana hakuweza kuwauzia sumu. Kama imani ilimlaza, mbona alikuwa peke yake macho siku ile pale mpakani?

Maaskofu Wakatoliki wa CENCO na wachungaji Waprotestanti wa ECC mwaka huu walitembea kwa kila upande wenye silaha, Februari walifika mpaka hapa Goma, wakatukanwa na pande zote. Unaweza kusema hawakufanikiwa. Huwezi kusema walilala.

Ila kuna kitu katika maneno yako nakikubali. Ipo mahubiri ambayo ni usingizi mtupu. Yule anayesema toa sadaka yako ya mwisho, Januari utavuka mpaka na gari lako. Huyo anauza furaha ambayo Majilio hayaijui. Jumapili ya kwanza kabisa, tarehe 30 Novemba, Injili ilituambia tukeshe. Jina lako ulilojipa hapa liko katika Injili ile.

---

Mkulima_wa_Masisi

Niko mlimani, mtandao unakuja na kuondoka, nitaandika kidogo.

Tulikuwa Bulengo. Februari tukarudi. Nyumba tulikuta kuta tu. Septemba nilipanda maharage kwa mbegu ya kukopa, na ng'ombe za watu zilipita humo mara nyingi, sikusema kitu, unajua hali. Sasa yamekomaa yaliyobaki, tumeanza kung'oa wiki hii.

Katekista wetu alitusomea mapema somo la pili la Jumapili hii inayokuja, Yakobo 5, mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Wanaume wote walitikisa vichwa. Huyu Yakobo anajua shamba. Mkulima hangoji kwa sababu ana uhakika, anangoja kwa sababu amekwisha kupanda. Watoto wangu wamekula maharage mabichi ya kwetu wenyewe, siyo ya kupewa kwa foleni na kartasi mkononi. Jioni ile mke wangu aliimba akiosha sufuria. Sikumbuki lini aliimba mara ya mwisho. Sijui kama hiyo ndiyo furaha mnayosema, mimi ninaihesabu.

---

Mwalimu_Himbi

Papa, ndiyo yenyewe. Nitaomba ruhusa yako niisome Jumapili kwenye shirika, bila jina la kijiji.

---

Dada_wa_Birere

Nyote mmesema vizuri, lakini mimi nina watoto wanne na swali langu ni la chini kidogo. NGUO ZA NOELI. Kila siku ni "mama, tutavaa nini?" Wenzao wakija na vitambaa vipya na viatu vinavyong'aa, wangu watajificha nyuma ya mlango. Baba yao analipwa kwa shida toka Machi. Furaha ya mtoto ni nguo, hamtaniambia vinginevyo. Nimefikiria nisiende misa ya Noeli kabisa nisiwaaibishe.

---

Koko_wa_Katindo

Binti yangu, hilo swali si la chini hata kidogo. Kuna akina mama wangapi wanalia usiku kwa ajili ya hilo tu, wanaona haya kulisema. Hebu nikae vizuri nikujibu.

Mimi niliona volkano ya 1977 nikiwa binti, nikaona ya 2002 nikiwa na wajukuu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji, ukala maduka, ukala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaingia mpaka ziwani. Noeli ya mwaka ule ilikuja mawe meusi yangali barabarani. Watoto gani walikuwa na nguo mpya? Walikuwa na zile za msaada, suruali moja wanaingia wawili. Tukakubaliana akina mama wote wa mtaa: mtoto hatavaa nguo mpya Noeli, hata wa mwenye duka. Wote wavae iliyofuliwa na kupigwa pasi. Mwenye pasi alipiga za mtaa mzima, makala tulichangia. Watoto hawakuona tofauti kwa sababu tofauti haikuwapo. Huo ndio msaada mkubwa ambao mwenye nacho anaweza kumpa asiye nacho, kujizuia. Ningependa mapadiri walitangaze wazi Jumapili hii.

Jambo la pili. Kama uko katika AVEC au likelemba, vile vikundi vyetu vya kuweka akiba na kupeana zamu, na wengi tuko, maana benki zilipofungwa ni sanduku letu la akina mama lililobaki wazi, kwenye kugawana mwisho wa mwaka ongeeni kabla. Kwetu tumetoa kiasi kidogo kutoka mfuko wa jamii tukanunua mitumba ya watoto kwa pamoja, kwa bei ya jumla, tukaifua, na dada mmoja fundi cherehani anaibadilisha: gauni la mtu mzima linatoa mawili ya watoto. Hakuna anayejua ya nani imetoka wapi.

Na chakula: usihangaike na kuku. Sambaza za kukaanga, makemba (ndizi za kupika), sombe (majani ya muhogo) lililotwangwa na wote wakicheka. Mjukuu wangu mkubwa sasa ana miaka thelathini na kitu; ukimuuliza Noeli aliyoipenda anasema ile ya mawe. Hakumbuki suruali.

Ila misa usikose. Usikose, binti yangu. Ukiwaficha watoto kwa ajili ya nguo watajifunza kwamba Mungu naye anatazama nguo. Njoo na wanne wote ukae karibu nami, nitakutumia ujumbe nikuambie ninaposalia.

---

Dada_wa_Birere

Koko, nimelia na kucheka. Aksanti. Naongea na akina mama wa sanduku letu kesho asubuhi, wengi wataunga mkono, nawajua.

---

Mbaptisti_wa_Majengo

Sisi Wabaptisti wa CBCA shada la mishumaa hatuna sana, lakini tuko pamoja. Isaya 11, mbwa mwitu na mwana-kondoo, ndilo neno tulilolisoma katika chemba, kikundi chetu kidogo cha maombi, wiki iliyopita. Mzee mmoja alisema tusisahau kwamba katika maono yale mbwa mwitu ndiye mgeni, anakwenda kukaa kwa kondoo. Tulinyamaza muda mrefu. Kuwapokea katika mtaa mmoja watu ambao jana waliogopana, hiyo ni kazi ya Majilio yetu hapa Majengo, tena ni ngumu kuliko kufunga chakula.

Mwalimu, mkizunguka na mshumaa mkipita kwetu, piga hodi. Tutaimba pamoja.

---

Mtu_wa_Katuba

Salamu kutoka Lubumbashi. Nina dada yangu na watoto wake huko Goma. Huku mvua inanyesha, soko limejaa, watu wanaagiza mbuzi kwa ajili ya Noeli, na mimi kila nikiangalia meza naona aibu. Nimeshindwa hata kuweka taa kwenye dirisha. Inakuwaje nifurahi nao wako vile? Nimemwambia mke wangu mwaka huu tusifanye sherehe, kwa heshima yao.

---

Mwalimu_Himbi

Kaka, moyo wako tumeupokea. Lakini nikuombe jambo kwa niaba ya dada yako, ingawa simjui: usizime taa kwa ajili yetu.

Nitakuambia tunavyoishi. Jioni, mtandao ukikaa sawa, watu hapa hufungua simu kutazama picha za jamaa walio Kinshasa, Lubumbashi, Kampala, Nairobi. Mtoto wa shemeji amebatizwa. Binamu amemaliza masomo. Picha hizo huzunguka chumbani, kila mtu anashika. Hakuna anayekasirika kwamba mna mbuzi. Tunachoogopa ni kusahauliwa, au kufanywa watu wa kuhurumiwa tu, ambao mkituwaza mnawaza maiti. Yohane gerezani aliletewa habari za vipofu waliopata kuona. Wale vipofu hawakukataa kuona kwa heshima yake. Furaha yao ndiyo ilikuwa ujumbe wake.

Kwa hiyo chinja mbuzi. Weka taa. Siku hiyo mpigie dada yako mkiwa mezani, simu izunguke, watoto waongee na watoto. Mwimbieni. Na kama unaweza kutuma kitu, tuma kwenye simu yake kabla ya tarehe 20, maana siku za mwisho wenye vibanda huishiwa pesa taslimu na wanaotoa hukatwa vikubwa. Muulize pia jirani yake anakula nini. Mara nyingi dada zetu wanalea zaidi ya walio wao na hawatuambii.

Na katika parokia yenu huko, ombeni padiri aitaje Kivu katika sala za waamini, siyo kwa neno moja la "amani mashariki". Tajeni Goma, Bukavu, Uvira, Masisi, Walikale. Watu wakisikia mji wao umetajwa mahali pa mbali hupata nguvu ambayo siwezi kuieleza.

---

Mama_wa_Ndosho

Mwalimu nimekutumia jina. Wimbo mkija kwangu nitachagua mimi, umesema.

---

Mwalimu_Himbi

Nimelipata, Mama. Umesema na ndivyo itakavyokuwa. Ukitaka tukae kimya bila wimbo, tutakaa kimya.

---

Mgeni_toka_Walikale

Habari zenu. Mimi niko Goma tangu Aprili, ninalala kwa rafiki upande wa Mugunga. Sina shirika, sina parokia, barua yangu ya ubatizo imebaki nyumbani na nyumba sijui kama ipo. Nilikuwa naimba besi. Mtu kama mimi anaanzia wapi? Nikienda naogopa kuulizwa nimetoka upande gani.

---

Mwalimu_Himbi

Mdogo wangu, karibu sana, na nafurahi umeandika.

Barua ya ubatizo isikuzuie. Inatakiwa kwa ndoa na mambo kama hayo, haitakiwi kwa kuingia misa wala kwa kujiunga na shirika. Jumapili nenda misa ya kwanza kwenye parokia iliyo karibu nawe, ndiyo yenye watu wa jirani zaidi. Baada ya misa usiondoke haraka. Tafuta mama yeyote mwenye kitenge cha chama cha akina mama au katekista, mwambie hivi tu: "Naishi mtaa fulani, nataka shirika langu." Atakuonyesha kiongozi wake palepale. Hakuna sababu ya kusema umetoka upande gani; ukiulizwa unaweza kusema umetoka Walikale kwa Wakristo wenzako, na ikiwa mtu ataendelea kukuchokonoa, mwache, kaa na wengine. Watu wa aina hiyo wapo, lakini si wengi kama hofu inavyotuambia.

Korali wanafanya mazoezi Jumamosi mchana, ili kila mtu awe nyumbani kabla ya giza. Misa ya mkesha nayo katika parokia nyingi itaanza mapema, alasiri, kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo ulizia saa mapema usije ukakuta imekwisha. Kuhusu besi: hapa kwetu waimbaji wa besi wengi wameondoka, wengine hatujui walipo, na tangu Februari wimbo wa kuingia tunauimba kwa sauti tatu. Kesho saa nane njoo mazoezi yetu, Mugunga na Himbi si mbali kwa pikipiki, nauli ya kurudi tutachanga. Nitumie ujumbe leo usiku nikuelekeze mlango.